Mtoto awe macho: maneno yetu juu ya hipnozi na tabia ya watoto wa shule ya msingi

Maneno tuliyosema Hombo, mbele ya wazazi, walimu na vijana



Tunajua wengi walifikiri tunakuja kusema juu ya barabara, vizuizi vya njiani na usalama. Hayo tunayasema kila siku na tutaendelea kuyasema. Lakini leo tunataka kusema juu ya kichwa cha mtoto wa miaka 8. Yule anayekwenda ku masomo asubuhi na kaye moja ndani ya mfuko wa plastiki.

Siku hizi kwenye telefone zetu zinapita video za watu wanaosema kwamba hipnozi inaweza kutengeneza tabia ya mtoto. Mtoto anafunga macho, anasikiliza sauti tamu, anaambiwa: wewe ni mtulivu, wewe unapenda kusoma, wewe huibi, wewe hupigani. Anafungua macho, amekuwa mtu mwingine. Vijana wenzetu wametuuliza: juu ya nini tusijaribu huku kwetu, ambako watoto wamekulia ndani ya risasi? Ulizo ni zuri, hatutalicheka. Wengi wetu tuna lisansi na hatuna kazi, wakati tunao. Tukasoma, tukabishana kati yetu, na leo tunawaletea tulichokiona.

Kwanza tuelewane: hipnozi ni nini?

Si uchawi. Na si usingizi pia, ijapokuwa jina lake linatoka kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Daktari wa Scotland, James Braid, njo aliyelieneza jina hilo miaka ya 1840, na yeye mwenyewe baadaye aliona halifai, kwa sababu mtu wa hipnozi hajalala. Kinachotokea ni hiki: mtu anatulia, macho na masikio yake yanashika kitu kimoja tu, anamwamini anayesema naye, na neno linarudiwa mpaka linaingia bila kuulizwa mlangoni. Utulivu, sauti moja, imani, kurudia. Hivyo vinne tu.

Sasa sikieni vizuri hapa. Watafiti waliopima watu wa umri mbalimbali waliona kwamba wanaoshikwa kwa urahisi zaidi ni watoto, hasa wa miaka kama 8 hadi 12. Hesabuni. Ni watoto wa mwaka wa tatu mpaka wa sita wa shule ya msingi. Ni wale wale mlio nao nyumbani.

Na hawahitaji kufungwa macho. Mwaka 1900, Mfaransa Alfred Binet alitoa kitabu juu ya majaribio yake na watoto wa shule. Aliwaonyesha mistari, kila mmoja mrefu kuliko uliotangulia, nao wanaichora. Halafu, bila kusema kitu, akaanza kuonyesha mistari yenye urefu ule ule. Watoto wengi wakaendelea kuchora mirefu zaidi na zaidi. Macho yalikuwa wazi, mchana kweupe, lakini kichwa kilikuwa kimeshazoea njia. Basi msifikiri hili ni jambo la video za wageni. Kila mwalimu anayesimama mbele ya watoto anapanda maneno, apende asipende.

Wengine walishajaribu

Kutumia hipnozi kwa kujenga tabia si jambo jipya. Huko Paris, tangu mwaka 1886, daktari Edgar Bérillon alikuwa analaza watoto wanaokula kucha, wanaosema uongo, wanaoiba, wanaokojoa kitandani. Anamshika mtoto mkono na kumwambia: mkono huu hautafika tena mdomoni. Aliliona kama ualimu mpya kabisa. Lakini mtu huyo huyo, mwaka 1915, wakati wa vita na Wajeremani, aliandika kama sayansi kwamba taifa la Wajeremani lina harufu yake mbaya ya asili. Tunawaambia hivi kwa makusudi. Mtu anayetaka kuingia ndani ya kichwa cha mtoto wako, uliza kwanza yeye mwenyewe ana nini ndani ya kichwa chake. Sisi wa Kivu tunajua maneno juu ya "asili ya watu fulani" yamezaa makaburi mangapi.

Marekani, mwaka 1942, mtafiti Lawrence LeShan alikwenda kwenye kambi ya likizo ya vijana waliokuwa wanakula kucha. Usiku, wakiwa wamelala, aliwapigia sahani ya gramafoni yenye sentensi moja, kwamba kucha zao ni chungu kabisa. Mara 300 kila usiku, siku 54. Mwishoni, karibu 4 kati ya 10 waliacha. Watu wakashangilia. Lakini miaka ya 1950, Wamarekani wengine wawili, Charles Simon na William Emmons, walipima ubongo wa watu kwa mashine wakati wanasikilizishwa masomo usiku. Wakaona aliyelala kweli hashiki kitu. Anayeshika ni yule ambaye hajalala vizuri.

Basi ahadi ile ya kufundisha mtoto wakati amelala, haina miguu. Anayewauzia, asiwale pesa zenu.

Huku kwetu tulifanyiwa

Lakini tusicheke Wazungu tu. Inchi yetu yenyewe ilikuwa darasa kubwa la kupanda maneno.

Wakubwa wetu mlio hapa mnakumbuka wakati wa Mobutu. Kila asubuhi bendera, nyimbo, kupiga makofi, kucheza. Kwenye televizio, kabla ya habari, sura yake inashuka kutoka mawinguni. Watoto walifundishwa kuimba kwamba baba ni mmoja, chama ni kimoja, kiongozi ni mmoja. Mwishoni mwa 1974 serkali ilichukua hata shule za makanisa, ikatoa masomo ya dini na kuweka mafundisho ya chama mahali pake. Utulivu, sauti moja, imani, kurudia: vyote vinne vilikuwepo, na miaka mingi kabisa.

Na kauli ya chama cha MPR ilikuwa ipi? Kutumikia watu, si kujitumikia. Neno zuri sana! Hata sisi tungeliandika ukutani. Wanafunzi wa wakati ule waliliimba mpaka sauti ikakauka. Je, lilijenga tabia? Wale wale walioliimba walipopewa ofisi, wengi walijitumikia. Kwa nini? Kwa sababu mtoto alikuwa anaimba asubuhi "kutumikia", na saa sita anaona mkubwa anakula pesa ya mshahara wa baba yake. Masikio yaliambiwa kitu kimoja, macho yakaona kingine. Na hakuruhusiwa kuuliza.

Mfano wa pili uko karibu zaidi, na tutausema kwa heshima, maana kila familia hapa ina mtu wake. Tangu vita ya 1993 iliyoanzia Ntoto, humu humu Walikale, vijana na watoto wetu wameingia kwenye vikundi vyenye silaha, kizazi baada ya kizazi. Wengi waliogeshwa maji ya dawa. Jambo hilo ni la zamani, lilikuwepo tayari kwa Simba wa 1964. Mtoto anaambiwa: risasi itakuwa maji. Lakini usiibe, usimguse mwanamke, usile kitu fulani, usiogope.

Tazameni vizuri: hata dawa ina masomo ya tabia ndani yake. Usiibe, usimguse mwanamke, hayo ni maneno ya maana. Lakini mtoto anapopigwa risasi na kufa, wanasema nini? Wanasema alivunja mwiko. Neno halikosei kamwe, anayekosea ni maiti. Na wenzake waliobaki wanaamini zaidi kuliko jana.

Hapo njo tunaona ugonjwa uko wapi. Neno lililopandwa ndani ya mtoto, ambalo hawezi kuliuliza, hawezi kulipima, hawezi kulikataa, linaweza kumpeleka popote. Leo linamzuia kuiba embe. Kesho mtu mwingine mwenye sauti tamu anakuta mlango umeshazoea kufunguka, anamtia bunduki mkononi. Mtoto aliyezoezwa kutii kwa macho yaliyofungwa, hachagui wa kumtii.

Kwa hiyo wale wanaotuambia tutumie hipnozi ili watoto wa Hombo "wawe watiifu", tunawajibu: apana. Utii hatukuukosa huku. Watoto wetu wengi walikufa wakiwa watiifu sana.

Je, tutupe vyote?

Hata kidogo. Kuna vitu ndani ya njia hizi ambavyo mtoto wetu anavihitaji kabisa.

Daktari wa Bulgaria, Georgi Lozanov, alianzia kwenye mambo haya haya ya neno linaloingia bila kelele, akatengeneza njia ya kufundisha inayoitwa sujestopedia. Darasa linatulia. Mwalimu anasoma polepole pamoja na muziki. Mtoto haaibishwi akikosea. Kuna michezo. Na tangu siku ya kwanza anaambiwa kwamba kujifunza kunawezekana, hata kwake. Desemba 1978, UNESCO ilikutanisha wataalamu Sofia kuijadili. Wengine waliisifu, wengine waliiita sayansi ya uongo, na ahadi zake nyingine zilikuwa kubwa kupita kiasi. Lakini Lozanov mwenyewe alishikilia jambo moja: hii si hipnozi, mwanafunzi yuko macho, na lazima abaki na uhuru wa kukubali au kukataa. Sisi tunachukua hapo.

Tena kuna jaribio la Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, waliloandika mwaka 1968, katika shule moja ya msingi ya California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani wataendelea sana mwaka huo. Kumbe majina yalichaguliwa kama bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, kwenye madarasa ya wadogo kabisa, wale waliotajwa walikuwa wameendelea kuliko wenzao. Wataalamu wengine wanabisha juu ya ukubwa wa matokeo hayo, wana haki yao. Lakini sisi sote tuliosoma huku tunajua upande wa pili wa jambo hilo. "Weye kichwa ya mbuzi." "Huyu hatafika popote." "Tabia ya baba yake ile ile." Mtoto anasikia hivyo tangu mwaka wa kwanza mpaka wa sita, mbele ya wenzake wote. Hiyo pia ni hipnozi, wandugu. Ni ya bure na inafanya kazi kila siku.

Na wakubwa wetu wa Walikale walikuwa na njia yao. Mwaka 1956, mzee mmoja Mnyanga, Candi Rureke, alisimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12, na wasomi Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaja kuitoa kitabu mwaka 1969. Ilikuwa na mdundo, nyimbo, kucheza, maneno ya kurudia. Vitu vyote vinavyoshika akili vilikuwepo. Lakini watu waliokuwa wamekaa hawakuwa wamelala: waliitikia, waliimba, waliingia ndani ya hadithi.

Na hadithi yenyewe inasema nini juu ya tabia? Mwindo ni shujaa anayejisifu. Baba yake alitaka kumwua, hakuweza. Anashinda duniani na chini ya ardhi. Mwishoni anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, yaani Umeme. Nkuba anamchukua mpaka juu, na huko anateseka kwa baridi, mvua, jua na njaa, huku akionywa juu ya majivuno yake. Anarudi amebadilika, anawaambia watu wake: msigombane, msifuate mke wa mwenzenu, msimcheke kilema. Shujaa mwenye nguvu anajifunza kunyamaza. Mtoto anayesikia hivyo usiku, karibu na moto, hakuna aliyemwamuru kitu. Amepewa mtu wa kumfikiria.

Tunapendekeza nini

Hatukuja na mradi wala pesa, mnatuona. Tunakuja na maulizo matatu. Mtu yeyote akija na njia yake ya kujenga tabia ya mtoto, awe mwalimu, pasta, shirika, mwanasiasa au mwenye bunduki, mzazi amwulize:

Moja, je, mtoto yuko macho, anajua anachofanyiwa na kwa nini?

Mbili, je, mimi mzazi naweza kukaa hapo na kusikia kila neno?

Tatu, je, mtoto akisema "hapana" au "juu ya nini?", atajibiwa au atapigwa?

Jibu moja likikosekana, mtoto wako arudi nyumbani.

Na walimu wetu, tunawaomba mambo ambayo hayaombi hata chaki moja. Asubuhi, dakika 3 za kutulia na kupumua polepole, pamoja na watoto. Kuna watoto wanaofika darasani wakiwa wamelala porini. Mtoto ambaye moyo wake unakimbia hawezi kushika hesabu. Si dawa ya vidonda vyote, lakini ni mwanzo. Mahali pa "wewe ni mjinga", semeni "hili hujalijua bado". Mara moja kwa juma, hadithi ya kwetu, kwa Kitembo, kwa Kinyanga au kwa Kiswahili, na baada ya hadithi watoto waulizwe: wewe ungefanya nini? Tena wabishane! Na kila mtoto apewe kazi ya kweli: huyu anachunga chaki, huyu anahesabu kaye, huyu anamsindikiza mdogo mpaka daraja. Mtoto hajui uaminifu kwa kuuimba, anaujua siku chaki 10 zimewekwa mkononi mwake na jioni zinahesabiwa.

Fimbo muiache. Inchi ina sheria ya kulinda mtoto tangu tarehe 10 Januari 2009. Na fimbo inafundisha kitu kimoja tu, kwamba mwenye nguvu njo mwenye haki. Somo hilo watoto wetu walishalipata barabarani.

Lakini hatutawatupia walimu mzigo huu halafu twende zetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serkali ni ya lazima na bure. Tangu Septemba 2019 bure hiyo ilianza kutekelezwa, watoto wakajaa madarasani, na ni jambo zuri kabisa. Ila kuna walimu katika inchi hii wanaofundisha bila mshahara, wanaitwa wasiolipwa kana kwamba ni cheo. Mwalimu aliyekuja na njaa, mwenye watoto wamebanana kama sambaza kwenye ndoo, tunamwambia awe mtulivu, asitukane, asipige? Watoto wanamtazama yeye kwanza. Mtu anayetumikia inchi na inchi haimlipi, tabia gani wataisoma kwake? Wataona kwamba mwenye kazi ya haki anateseka na mwenye kizuizi barabarani anakula nyama. Hakuna sauti tamu itakayofuta picha hiyo.

Kwa hiyo tunaomba, na tutaendelea kuomba kwa amani na bila kuchoka: mwalimu alipwe. Madarasa yaongezwe. Hakuna mwenye silaha, wa upande wowote ule, aingie shuleni kutafuta watu wa kuwafundisha neno lake.

Na ninyi vijana wenzetu msio na kazi, hasa mliosoma: jioni mnakaa barabarani mnangoja kitu. Watoto wako hapo hapo, wanawatazama, na kila jioni mnawafundisha kitu bila kujua. Chukueni saa moja. Wakusanyeni watano, kumi. Hadithi, maulizo, kusoma kidogo, mlango wazi na mzazi mmoja akiwa amekaa hapo. Wanaokusanya watoto porini hawakungoja mradi wala bajeti.

Wakubwa walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tunaomba tumlee akiwa macho, aweze kutuuliza "juu ya nini?", hata sisi tuliosimama hapa mbele yenu. Sasa tunanyamaza. Kama mna maulizo, tuanze na watoto. Tunaona wako wengi hapo dirishani.